Tusimwambie Mzazi Apumzike, Tumpumzishe

Wengi wenu mnaojifunza Kiswahili hapa Kasese na Bwera mmekwisha kufundishwa mnyambuliko wa vitenzi. Mnajua kwamba mtoto hula, lakini mama humlisha. Mtoto hulala, lakini mama humlaza. Kitenzi cha kwanza ni cha mtu mwenyewe, na cha pili kinahitaji mtu mwingine ili kitendeke. Leo nataka tuvitazame vitenzi viwili vya namna hiyo, kupumzika na kupumzisha, kwa sababu katika wilaya yetu watu wengi hutumia kimoja mahali panapohitaji kingine, na hasara yake haiishii katika daftari la sarufi.

Mwanamke akishajifungua, kila amtembeleaye humwambia apumzike. Muuguzi humwambia hivyo anapomruhusu kutoka hospitalini. Mama mkwe humwambia. Jirani aletaye sabuni na kilo ya sukari humwambia. Mume naye, akiwa amesimama mlangoni na simu mkononi, humwambia. Kisha wote huenda zao, na jerikeni tupu hubaki pale pale lilipokuwa. Maji hayajatekwa, maharagwe hayajachambuliwa, na mtoto wa miaka mitatu bado analia njaa. Ushauri wa kupumzika mzazi wa kwetu anao wa kutosha. Anachohitaji ni mtu wa kuifanya kazi yake.

Nimemwita "mzazi" kwa makusudi. Shuleni mnalijua neno hilo kwa maana ya baba au mama: mkutano wa wazazi, sahihi ya mzazi. Lakini lina maana nyingine iliyo finyu zaidi, nayo ni mwanamke aliyetoka kujifungua na ambaye bado yumo katika siku zake za uzazi. Ukisikia mtu wa pwani akisema kwamba nyumba fulani ina mzazi, elewa kwamba humo kuna mtoto mchanga, na kwamba yuko mtu wa pili wa kuangaliwa. Tazama pia kitenzi "kujifungua". Kimetokana na kufunga, kisha kufungua, kana kwamba mwanamke alikuwa amefungwa mzigo na sasa ameufungua mwenyewe. Ni neno la heshima, nami nalipenda. Tatizo lake ni kwamba humfanya asikiaye adhani mzigo umekwisha kutuliwa.

Mwili hauelezi hivyo. Tumbo la uzazi, ambalo mwishoni mwa ujauzito lilifika karibu na mbavu, huhitaji takriban wiki sita kurudi katika ukubwa wake wa awali. Pale kondo la nyuma lilipobanduka hubaki jeraha, na damu huendelea kutoka kwa wiki kadhaa. Duniani kote, kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya uzazi, na saa 24 za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba hata aliyejifungua salama kwa njia ya kawaida abaki kituoni kwa muda usiopungua saa 24. Usiku nao si usiku tena, kwa kuwa mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 katika kila saa 24. Aliyejifungua kwa upasuaji ana jeraha jingine tumboni, na huyo hushauriwa kwa wiki kadhaa asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake. Sasa piga hesabu: mtoto mchanga ana kilo tatu hivi, na jerikeni la lita 20 likijaa lina kilo 20.

Sisemi kwamba mzazi afungiwe chumbani asitikisike. Wakunga husisitiza kwamba aamke na kutembeatembea mapema, kwani kulala bila kusogea huweza kuifanya damu igande katika mishipa ya miguu. Lakini kutembea uani ni jambo moja, na kupanda mlima na kilo 20 za maji ni jambo jingine.

Na mlima hapa kwetu ni mlima wa kweli. Atokaye Hospitali ya Bwera, au ile ya Kagando kule Kisinga, hupanda bodaboda mpaka njia inapokomea, kisha huenda kwa miguu. Wanawake wa miteremko ya Rwenzori hubeba mizigo mgongoni, kamba ikiwa imepita kipajini: kuni, ndizi, kahawa. Walio tambarare hulima pamba. Walio Mpondwe huvuka mpaka kwenda Kasindi na bidhaa zao, huko ambako Kiswahili mnachokisoma vitabuni husemwa sokoni kutwa nzima. Kazi hizo zote zina sifa moja: hakuna mwajiri. Na pasipo mwajiri hakuna wa kuombwa likizo. Kahawa ikiiva huiva, mzazi awe na siku tatu au thelathini. Wako pia waliopoteza hata pa kulala. Mafuriko ya Mto Nyamwamba ya Mei 2020 yaliiharibu hospitali ya Kilembe na kuwaondoa watu wengi katika nyumba zao, na miongoni mwa waliohamia kambi ya Muhokya walikuwamo wanawake waliojifungua wakiwa huko. Siwezi kumhubiria usingizi mwanamke anayenyonyesha chini ya turubai.

Kuna jambo hunishangaza kila niitapo majina darasani. Wakonzo huhesabu uzazi kwa uangalifu mkubwa sana. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira. Nikisoma "Masereka" katika orodha, najua kwamba mama yake alizaa wana wawili wa kiume kabla yake, ingawa sijawahi kuonana naye. Jina limetunza hesabu ya safari za mama. Siku alizopumzika baada ya kila safari hazikuandikwa popote, na nina shaka kama yupo aliyezihesabu.

Ninyi wanafunzi, mnaosoma ukurasa huu ili muwe raia wema pamoja na kujua lugha, fahamuni sheria inasemaje. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 33, inaitaka Serikali iwalinde wanawake na haki zao kwa kuzingatia hali yao ya pekee na jukumu lao la asili la uzazi. Ibara ya 40 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wa kike ulinzi wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ikaeleza kwa tarakimu: siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na kati ya muda huo wiki zisizopungua nne ziwe baada ya kujifungua, au baada ya mimba kuharibika. Naomba msiyapite haraka maneno hayo ya mwisho, kwani aliyepoteza mimba husahauliwa upesi mno, na sheria haikumsahau. Akimaliza likizo, mama ana haki ya kuirudia kazi yake ileile au nyingine inayomfaa. Jirani zetu wanakaribiana nasi: Kenya hutoa miezi mitatu, na Tanzania siku 84, zikawa 100 kwa anayejifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Sheria hiyo ni njema, lakini haifuatwi kila mahali. Mwalimu mwenzangu katika shule moja ya binafsi, ambayo sitaitaja, aliambiwa kwamba aendapo likizo ya uzazi mshahara wake utapewa atakayemshikia vipindi. Alirudi darasani mtoto akiwa na wiki tatu. Hakuijua ibara wala kifungu, na aliyemwambia hivyo huenda alijua kwamba hajui. Lakini hata sheria ingefuatwa na waajiri wote kesho asubuhi, mkulima wa kahawa wa Kyarumba na mchuuzi wa Mpondwe wasingepata siku hata moja kutoka kwayo. Hao ndio wengi wa akina mama zenu. Likizo yao, kama ipo, hutolewa na watu wa nyumbani.

Ndipo nawageukia wavulana. Sheria hiyohiyo humpa baba siku nne za kazi zenye malipo mara baada ya mkewe kujifungua. Nchini Kenya ni wiki mbili. Tanzania, siku zisizopungua tatu. Ni siku chache, nami ningependa zingekuwa nyingi zaidi. Hata hivyo nauliza zile nne hutumikaje. Nimewaona akina baba wakizimaliza katika kupokea pongezi na kunywa na marafiki, huku wageni wa kuja kumwona mtoto wakipikiwa chai na mzazi mwenyewe. Ajabu yake ni kwamba vijana wetu wanajua kazi hizi. Mwendesha bodaboda aliyepanga chumba mjini Bwera hujitekea maji, hujipikia, hufua nguo zake mwenyewe na kuzianika. Siku ya harusi ujuzi huo wote humpotea kama aliyepigwa kichwani. Mimi ni mwanamume, nami siamini kwamba kuna mkono wa kiume ulioumbwa usiweze kushika jerikeni baada ya ndoa.

Hapo huinuka mtu, aghalabu mzee, akasema: "Bibi zetu walijifungulia shambani na jioni wakarudi na kuni." Namheshimu mzee, lakini usemi huo umesimuliwa na familia za walionusurika. Aliyefia uzazi hakubaki kusimulia. Tena bibi hao hawakuwa peke yao. Walikuwa na wake wenza, mawifi na shangazi, na mabinti wakubwa ambao hawakuwa wakienda shule. Kazi ya mzazi iligawanywa kwa mikono mingi, wala hakuna aliyeiita hiyo sera. Leo nyumba nyingi zina mume, mke na watoto wadogo tu, na ndugu wa karibu yuko Kasese mjini au Kampala. Mikono imepungua, lakini matarajio yamebaki yaleyale.

Mikono inapokosekana, anatafutwa binti. Hili nalishuhudia kazini. Masika, mwanafunzi wa kidato cha pili, hukosa wiki mbili mfululizo, akirejea, namwuliza kama alikuwa mgonjwa, naye hunijibu kwa sauti ya chini: "Hapana, mwalimu. Mama amejifungua." Kaka yake wa kidato cha nne hakukosa hata siku moja. Simlaumu mama, kwa maana asingeweza kuwa mahali pawili, kitandani na kisimani. Lakini mapumziko yaliyonunuliwa kwa masomo ya msichana ni ghali mno, hasa ikiwa mvulana mwenye nguvu kumzidi yupo nyumbani kuanzia saa kumi na moja jioni. Wakigawana, Masika angetoka asubuhi kwenda shule kama wengine.

Wenyeji wa lugha hii tunayojifunza, yaani Waswahili wa Zanzibar, Mombasa na Lamu, walikuwa na njia yao, na inafaa tuijue. Kwao siku za uzazi ni arobaini. Mara nyingi, hasa kwa mtoto wa kwanza, mwanamke huenda kujifungulia kwao, na mama yake au mwanamke mwingine mwenye umri humshughulikia: humkanda kwa maji ya moto, humfunga tumbo kwa kitambaa kiitwacho mkaja, humpikia uji uliotiwa pilipili manga. Dini ya Kiislamu nayo humwondolea aliye katika nifasi wajibu wa kuswali na kufunga. Cha kupendeza zaidi ni kwamba neno "mkaja" limeingia hata katika posa, kwa maana zawadi ambayo bwana harusi humpa mama wa bibi harusi huitwa mkaja, ukumbusho wa kitambaa alichofungwa siku alipomzaa huyo anayeolewa. Miaka ishirini na zaidi imepita, na bado kuna anayekumbuka kwamba mwanamke huyu aliwahi kuwa mzazi.

Sitaki mwige kila kitu. Maji ya moto kupita kiasi huunguza, na wauguzi hawapendi kuona jeraha jipya likikandwa. Familia maskini ya pwani nayo hukatisha arobaini kabla haijatimia. Lakini desturi hiyo ina jambo moja ambalo ushauri wetu hauna: humtaja mtu. Hujulikana tangu mapema ni nani atakayepika na ni nani atakayemwogesha mtoto.

Nasi tunaweza kutaja watu. Mimba ikifika mwezi wa saba, watu wa nyumbani waketi na kuulizana: nani atateka maji kwa wiki sita? Nani atampeleka mtoto mkubwa shule? Nani atapalilia? Usiku, mtoto akishanyonya, nani atambeba ili mama arudi kulala? Kila swali lijibiwe kwa jina la mtu, na jibu la "tutasaidiana" lisikubaliwe, maana hilo ni jina lingine la mama. Kule Kigezi na Ankole kuna vyama vya engozi, ambavyo wanakijiji huviunda ili mgonjwa akizidiwa abebwe kwa machela hadi barabarani. Wanaoweza kumbeba mzazi kumshusha mlimani wanaweza pia kumpelekea maji akisharudi. Vikundi vya akiba, vya kanisani na vya msikitini tunavyo kila kijiji, na mwenyekiti wa LC1 anaijua kila nyumba yenye mtoto mchanga.

Wageni nao wana sehemu yao. Mnaijua methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa aliyekuja kumwona mtoto, mimi ningempa jembe siku ileile ya kwanza, au angalau ndoo.

Liko jambo jingine ambalo watu hulitaja kwa kunong'ona. Katika siku za mwanzo wazazi wengi hulia bila sababu iliyo wazi, na hali hiyo hupita yenyewe kabla ya wiki mbili kwisha. Lakini huzuni ikizidi hapo, mama akakosa usingizi hata mtoto anapolala, akajiona hafai, au akawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, huo ni ugonjwa. Kiswahili sanifu huuita sonona. Una tiba, na si uvivu wala kurogwa. Kukosa usingizi usiku baada ya usiku huuzidisha. Vilevile damu ikimwaga ghafla, homa ikipanda, kichwa kikiuma vikali au macho yakaona kiwi, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au degedege likimshika, asiambiwe apumzike. Apelekwe hospitalini saa hiyohiyo.

Na kwa wasichana walio kidato cha pili au cha tatu: baadhi yenu mtakuwa wazazi kabla hamjamaliza shule. Mwongozo wa Wizara ya Elimu na Michezo wa mwaka 2020 humruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni mtoto akishafikisha miezi sita. Wapo wanaouona muda huo kama adhabu, na pengine katika nyumba zao ni adhabu kweli, kwa sababu msichana huyo hugeuzwa mtumishi wa kulipa aibu aliyoiletea familia. Hulima, hupika, huamka na mtoto usiku, wala hapati hata mtu wa kumwambia neno lile tupu la "pumzika". Mwili wake wa miaka kumi na sita umejifungua kama mwili wa mtu mzima, nao unahitaji wiki zilezile.

Wiki ya sita mtoto hurudishwa kliniki kwa chanjo: ile ya donda koo, pepopunda na kifaduro, ya polio, ya nimonia na ya kuhara. Mama naye anastahili kuangaliwa siku hiyo: shinikizo la damu, jeraha lake, usingizi wake, moyo wake. Mara nyingi hakuna amwulizaye, kwa sababu amekuja akiwa amembeba mtoto, na macho yote hutua kwa mtoto. Baba akimbeba mtoto siku hiyo, muuguzi atamwona mama aliyesimama kando, mikono mitupu, na huenda akamwuliza yeye kwanza hali yake.